Kidole cha Jupita

Titta Cordella alikuwa na vidole tisa vya miguu, na hadithi kumi na nne za jinsi kile cha kumi kilivyomtoka. Watoto wa mtaa wake wa Trastevere aliwaambia kiling'atwa na mbwamwitu jike, ukoo mmoja na yule aliyewanyonyesha waanzilishi wa Roma. Wanaume wa kilabu cha mvinyo aliwaambia kilikatwa kwa upanga wa haramia Mturuki, na kwamba yeye alikiokota papo hapo, akamrushia yule haramia, akamtoboa jicho. Wajane wacha Mungu walipata ya kwao: kidole kilianguka chenyewe kwa unyenyekevu alipokuwa akipanda ngazi takatifu kwa magoti.

Kweli yenyewe ilikuwa fupi. Titta alikuwa mchukuzi wa mapipa bandarini Ripa. Siku moja pipa la mvinyo wa Marino lilimponyoka, likampitia mguu wa kushoto, likaacha kovu gotini, na kidole kidogo kikagoma kutoka kiatuni pamoja na wenzake. Mtaa mzima ulikuwepo. Alilia mpaka punda wakamwitikia. Lakini Titta alisema watu waliokuwepo hawakuona vizuri, kwa sababu walisimama karibu mno.

Mtu wa namna hiyo akipenda, mwenye taabu ni anayependwa. Titta alimpenda Bi Settimia, mjane muuza matumbo ya ng'ombe, mwanamke mwenye mikono mipana na ulimi usiohitaji kunolewa. Settimia alikuwa amezika waume wawili, wote waongo. Wa kwanza alisema hanywi. Wa pili alisema ana nyumba Frascati, kumbe aliiona tu siku moja akipita. Kwa hiyo Titta alipomwendea kuomba ndoa, akiwa ameshika kofia mkononi na bakuli la supu mkono mwingine, Settimia hakucheka wala hakukataa.

"Sikiliza, we baba," alisema, akiendelea kukata matumbo. "Sina shida na sura yako, nimeona mbaya zaidi. Niletee neno moja tu ulilolisema likawa kweli. Moja! Lionekane mbele za watu, kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Bartolomeo. Ukilileta, nitaolewa nawe hata na mguu wenyewe usio na kidole. Usipolileta, Jumapili inayofuata namjibu Agapito posa yake."

Agapito alikuwa amekaa pale pembeni, kama kila siku. Alikuwa fundi mishumaa, mwembamba na mweupe kama kazi ya mikono yake, na sifa yake ilikuwa moja: hajapata kusema uongo. Ni kweli, lakini pia hakuwa amepata kusema jambo lolote la maana. Ukimuuliza hali ya hewa, alitoka nje kwanza kuangalia, akarudi, ukawa umeshasahau ulichouliza.

"Sawasawa," alisema Agapito.

Titta alitoka pale jasho linamtiririka. Neno moja la kweli! Alijipekua kichwani kama anayetafuta sindano ndani ya godoro. Ndipo, kwa bahati ambayo humwangukia mtu mvivu wa kufikiri, akakutana na Fundi Lattanzio.

Huyu Lattanzio alikuwa mchora picha za chapa, na karakana yake ilikuwa upande wa pili wa mto, karibu na Piazza Navona. Kazi yao ile huanza kwa sahani ya shaba. Wanaipaka nta, wanachora juu ya nta kwa sindano, kisha wanaimwagia tindikali, nayo inakula shaba palipochorwa. Halafu wino, halafu karatasi, halafu mtambo wenye magurudumu mazito, na miungu ya kale inatoka mbichi kama mikate. Maana Roma ni mji wa ajabu: mapadri walimfukuza Jupita hekaluni, halafu wakamtundika sebuleni.

Lattanzio alisimama njiani akamtazama Titta anavyopandisha pipa ngazi.

"Wewe mwenye mapaja!" aliita. "Mapaja yako yanafanya nini kesho?"

"Yana kazi zake, Fundi," alisema Titta, "lakini yakiombwa vizuri husikia."

Basi kwa wiki tatu Titta alisimama juu ya beseni lililopinduliwa, amevaa shuka moja, na hata hilo shuka lilikuwa na haya kuliko yeye. Alikuwa Jupita, mfalme wa miungu, akiwapiga radi majitu yaliyotaka kupanda mbinguni. Mkono wa kulia aliunyanyua na chuma cha kuchochea moto, ndiyo radi. Mguu wa kushoto aliukanyagia gunia la pumba, ndilo jitu. Pembeni yake alifungwa bata bukini kwa kamba, ndiye tai, na huyo tai alimng'ata pajani kila jua lilipofika dirishani. Mungu alipiga kelele, tai naye akajibu, na Lattanzio akapiga ukelele kuliko wote: "Usitikisike, mfalme wa mbingu, mjinga wewe!"

Jioni ya kwanza tu Titta alikimbilia kwa Settimia, bado ana manyoya ya bata nyweleni.

"Mimi ni Jupita," alisema.

"Na mimi ni Malkia wa Sheba. Kaa, supu inapoa."

"Settimia, naapa. Wananichora kwenye shaba. Siku ya Bartolomeo picha itatundikwa kisiwani pale mtoni, mji mzima uione. Ndilo neno langu. Lile moja."

Settimia aliweka kisu chini. Alimtazama muda mrefu, akatafuta pale usoni ile nyusi ya kushoto ambayo hupanda Titta anapodanganya. Haikupanda.

"Haya," alisema. "Na mimi nimesikia. Agapito naye amesikia."

"Sawasawa," alisema Agapito.

Mtaa haujui kukaa na siri, lakini Settimia alijua kuikalia. Hakumwambia mtu kwamba wiki ile alitoa mto wa pili wa kitanda sandukuni, akauanika juani.

Sasa picha ile ilikuwa imeagizwa na Markizi Pennafina, bwana mwenye kasri na magari matatu ya farasi. Miguu yake, Mungu amsamehe aliyemuumba, ilikuwa kama sindano mbili za kufumia zilizovishwa soksi za hariri. Alikuja karakanani kuiona chapa ya kwanza. Alivaa miwani, akainamia karatasi, akanusa.

"Jupita ana sura ya mchukuzi."

"Ni mchukuzi, mtukufu."

"Basi iondoe. Weka yangu."

"Na mwili, mtukufu? Niufute pia?"

Markizi aliyatazama yale mapaja. Aliyatazama sana. Wino ulikaribia kukauka.

"Mwili uache," alisema. "Unafanana nami."

Lattanzio akaisugua shaba pale kichwani mpaka ikawa laini, akachora upya uso wa Markizi, pua na ndevu zake kama za mbuzi, akaupachika juu ya shingo nene ya mchukuzi. Mkaguzi wa Kanisa naye akaja, akaomba kiongezwe kiwingu chini ya kitovu, kikaongezwa. Markizi akamwapisha Lattanzio asimwambie kiumbe yeyote mwili ule umetoka bandarini. Na Titta hakuambiwa lolote, maana nani huuliza beseni likoje baada ya kufua?

Lakini kulikuwa na jambo jingine, ambalo hata Markizi hakuliona, kwa kuwa alikuwa anajitazama uso. Katika kazi ile karatasi hubusu shaba, na kila kibusu hugeuza. Kilichochorwa kulia hutoka kushoto, cha kushoto hutoka kulia. Fundi mwenye akili huchora kinyume toka mwanzo, ili karatasi imrekebishie. Lattanzio aliujua mwiko huo tangu utoto wake, lakini alikuwa mvivu, tena bata alikuwa anampigia kelele. Alichora kama alivyoona. Hivyo mfalme wa miungu akatoka mtamboni akiwapiga majitu kwa mkono wa shoto, kama mtu anayekula kwa mkono asiopaswa.

Siku ya Bartolomeo ikafika. Kisiwani pale katikati ya mto matikiti yalikuwa yamepasuliwa kila hatua, mbegu zinateleza chini ya viatu, na picha zilitundikwa kwenye kamba kwa vipande vya mwanzi. Titta alikuja ameoga. Watu waliomfahamu walisimama kushangaa hilo kwanza. Nyuma yake alikuja Settimia katika shali yake ya sikukuu, na nyuma ya Settimia, Agapito, na nyuma ya Agapito, Trastevere.

"Ile pale!" Titta alinyoosha kidole. "Radi ile! Mapaja yale! Nani mwingine—"

Uso haukuwa wake.

"Titta," alisema muuza matikiti, "umezeeka ghafla. Na umeota ndevu za mbuzi."

"Uso wameubadilisha! Tazameni mwili! Tazameni mguu, kidole hakipo!"

Watu wakasogea. Kweli, kidole kidogo hakikuwepo. Moyo wa Settimia ukapiga kofi moja ndani ya shali. Lakini Agapito alikuwa ameinama. Alikuwa anahesabu, polepole, kama kawaida yake.

"Mguu wa kulia," alisema Agapito. "Kimekosekana mguu wa kulia. Wa Titta ni kushoto. Tena huyu ni mwenye shoto. Titta hubeba kwa mkono wa kulia."

Kwa Agapito hiyo ilikuwa hotuba. Kicheko kilicholipuka kiliwarusha njiwa kutoka kwenye paa la kanisa.

Titta alimwona Lattanzio nyuma ya meza ya picha, akamrukia kwa maneno: "Fundi! Waambie! Wiki tatu juu ya beseni! Bata aliniuma hapa, na hapa, na hapa ambapo siwezi kuonyesha!"

Lattanzio alimwona Markizi amekaa ndani ya gari lake hatua kumi tu kutoka pale. Akasafisha koo.

"Jupita huyu," alisema, "amechorwa kwa kumtazama mtukufu Markizi, kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo."

Markizi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akavuta joho lake kufunika soksi. Na kwa kuwa Roma haikosi msomi wa kutetea upuuzi, kijana mmoja wa chuo akapanda juu ya sanduku la matikiti, akasoma shairi la beti arubaini za Kilatini lililothibitisha kwamba miungu wakubwa wote walikuwa wa mkono wa shoto, kwa sababu moyo upo huko. Watu walipiga makofi bila kuelewa, na hivyo ndivyo msomi hupigiwa.

Settimia hakupiga. Alimgeukia Titta, na uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya Ijumaa Kuu.

"Nyusi haikupanda," alisema taratibu. "Ndilo linaloniuma. Wale wawili niliowazika, angalau niliwajua wakati wanadanganya. Wewe umejifunza kudanganya hata kwa nyusi. Usije tena dukani. Hata kwa supu."

Akaenda zake. Mto wa pili ukarudi sandukuni.

Sasa hapa ndipo mtaa ulipoanza kuogopa, kwa sababu Titta alinyamaza. Alibeba mapipa, akashuka, akapanda. Watoto walimfuata wakamuuliza kama kawaida, "Mjomba Titta, kidole kilikwenda wapi?" Alisimama, akawatazama, akasema: "Pipa."

Watoto walirudi nyumbani wanalia. Habari zikakimbia mtaani, zikaingia duka la matumbo pamoja na muuza matikiti.

"Bi Settimia, umesikia? Titta amesema ni pipa."

"Amesema nini?"

"Pipa. Pipa tupu. Hata haramia hakumtaja."

Settimia alijikata kidole kwa kisu, kitu ambacho hakikuwa kimetokea tangu mazishi ya mume wa pili.

Jumamosi ikaja, na Jumamosi Roma yote inakula matumbo. Foleni ilifika barabarani. Settimia alikuwa akifungia nyama karatasi zilizoharibika, maana mafundi wa chapa huwauzia wauza vyakula chapa zao mbovu kwa uzito, na nusu ya miungu ya kale huishia hivyo, imekumbatia maini. Alichukua karatasi kutoka kwenye rundo la Lattanzio, upande mweupe ukiwa nje, akaviringisha matumbo ya mama mmoja, akayaweka mezani ili afunge kamba. Mafuta ya moto yakapenya. Karatasi ikaanza kung'aa, ikawa kama dirisha, na taratibu, kutoka upande wa nyuma, mtu akajitokeza kama anayetoka kwenye ukungu.

Ni Jupita. Lakini huku nyuma radi ilikuwa mkono wa kulia.

Settimia aliinamisha uso mpaka pua ikagusa mafuta. Mguu uliokanyaga jitu ulikuwa wa kushoto. Vidole, moja, mbili, tatu, nne. Basi.

"Bi Settimia," alisema yule mama, "matumbo yangu."

"Ngoja."

"Nimengoja tangu—"

"Mama, chukua yale makubwa, usilipe, ondoka!"

Aliifungua karatasi, akaigeuza. Mbele: mkono wa shoto. Akaigeuza. Nyuma: wa kulia. Hakujua kusoma hata jina lake, lakini alikuwa ameosha na kugeuza matumbo miaka thelathini, na hakuna duniani anayejua kuliko yeye kwamba kitu kina upande wa ndani na upande wa nje, na kwamba ukigeuza, cha huku kinakwenda kule. Alikaa chini juu ya ndoo. Kisha akaanza kucheka, na foleni nzima ikarudi nyuma hatua moja.

Jumapili baada ya misa, uwanja wa Santa Maria ulikuwa umejaa. Agapito alikuwa tayari pale kusubiri jibu lake, amevaa koti la baba yake. Titta alikuwa amejibanza karibu na kisima, akitazama maji. Na Fundi Lattanzio alikuwa amevuka mto kwa sababu alisikia watu wa huku wananunua ile picha kwa wingi.

Settimia alipasua watu katikati, ameinua juu karatasi inayonuka matumbo.

"Fundi Lattanzio! Njoo hapa, mwanangu. Mbele ya kanisa hili, niambie: ukichora mtu ana mkono huu, karatasi inatoa mkono gani?"

Lattanzio akaficha mikono yenye wino mgongoni. "Hizo ni siri za kazi, mama."

"Siri? Siri yako nimefungia utumbo wa ng'ombe! Tazameni nyote!" Akaiweka karatasi juani. Mafuta yaling'aa, na Jupita akaonekana kinyume, safi kabisa, mkono wa kulia, mguu wa kushoto. "Titta, njoo. Vua kiatu."

"Settimia, nimeshachoka kuchekwa."

"Vua kiatu, mwanamume, kabla sijakuvua mimi, na sitaishia kiatuni."

Titta akavua. Mguu ukawekwa kwenye ukingo wa kisima, karatasi ikashikwa kando yake. Settimia aligeuka.

"Agapito. Wewe husemi uongo. Hesabu."

Maskini Agapito alimtazama Settimia, akatazama mguu, akajua kabisa atakachokipoteza akifungua mdomo. Mtu mwingine angekohoa, angesema jua linamchoma macho. Aliinama. Akahesabu vya kwenye karatasi. Akahesabu vya Titta. Akarudia, maana ndivyo alivyokuwa.

"Vinne na vinne," alisema. "Mguu uleule. Na kovu la goti lipo pia." Akanyanyuka, macho yamemlowa. "Sawasawa."

Hapo uwanja ulivuma. Watu walimwinua Titta kama wanavyoinua sanamu ya mtakatifu, wakamzungusha kisima mara tatu, kiatu kimoja mguuni. Settimia alimngojea ashuke.

"Kumbe ulisema kweli," alimwambia.

"Nilisema kweli," alisema Titta, "na haijapata kunitesa hivi. Kwa uongo sijawahi kulala njaa."

"Basi inatosha. Neno nililitaka moja."

Walioana Oktoba. Bata bukini alikuja arusini, ndani ya sinia.

Markizi Pennafina ndiye aliyebaki na hasara. Kila aliposhuka kwenye gari, wanawake wa sokoni waliinama kumtazama miguu, wakaulizana kwa sauti mapaja ameyaacha nyumba gani. Akamwita Lattanzio kwa hasira: kidole kile kirudishwe haraka, mguu wa kulia, ili asiwepo mchukuzi yeyote wa kudai! Lattanzio akakimbilia shaba, akasikia neno "kulia," akachora kidole mguu wa kulia wa shaba, akasahau tena kwamba karatasi hugeuza. Chapa mpya zikatoka na Jupita mwenye vidole vinne mguu mmoja, na sita mguu wa pili. Msomi wa chuo akaongeza beti ishirini.

Ile karatasi ya mafuta Settimia aliitundika dukani, mgongo wake ukiwatazama wateja. Na chapa mpya Titta aliinunua mwenyewe, akaibandika kando yake. Nyusi yake ya kushoto ilirudi kazini siku hiyohiyo. Mgeni akiuliza kidole kilikwenda wapi, Titta huweka bakuli chini, huonyesha kile cha sita mguuni mwa Jupita, na kusema:

"Kile pale. Nimemwazima Markizi. Alikuwa na shida kuliko mimi."

Na Settimia, aliyezika waongo wawili, huendelea kukata matumbo, asiseme kitu.